Lifta Inapogonga, Anza na Oili

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Tanga na jirani zake, na karibu zote zinauliza kuhusu mlio wa juu ya injini kwenye magari yenye kasi. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu mwenye gari yuko hatua moja tu kabla ya kutoa fedha nyingi.

Swali kutoka Chumbageni, Tanga

Shikamooni mafundi wetu. Nina Mitsubishi Lancer Evolution VI ya mwaka 1999, injini 4G63 ya tabo. Tangu mwezi uliopita inagonga tak-tak-tak upande wa juu. Asubuhi mlio unakuja na kupotea, lakini nikitoka Pongwe kurudi mjini injini ikiwa imeshapata moto sawasawa, unarudi na haukomi. Wiki hii imeanza kuwa na misi (silinda kutochoma sawasawa) ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Fundi wangu amesikiliza kwa bisibisi, akasema lifta zimekufa, ninunue zote 16. Mwingine ananiambia niweke oili nzito ya 20W-50 mambo yaishe. Nimsikilize nani?

Jibu

Marahaba ndugu yetu. Fundi wa kwanza huenda amepatia kilichokufa, ila hajasema kimeuawa na nini. Wa pili anataka injini inyamaze tu. Usinunue lifta wala usimwage 20W-50 kabla presha ya oili haijapimwa kwa geji. Tunaanzia huko kwa sababu ya namna lifta yenyewe inavyofanya kazi.

Lifta ya haidroliki ni kikopo cha chuma chenye kipistoni ndani. Chini ya kipistoni kuna chumba cha oili, springi laini, na gololi ndogo inayoziba tundu. Nundu ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) ikiwa mbali, springi inasukuma kipistoni juu mpaka nafasi yote kati ya lifta, roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu iishe, na oili inapita kwenye gololi na kujaza chumba. Nundu ikifika, gololi inakaa kwenye kitako chake na oili inafungiwa ndani. Oili haibanwi ikapungua, kwa hiyo lifta inakuwa ngumu kama kipande kimoja cha chuma, roka inaegemea juu yake, na valvu inafunguka. Katika kila mzunguko oili kidogo sana huvuja kati ya kipistoni na kikopo, kisha hujazwa tena. Upenyo huo ni mwembamba kuliko unywele. Punje ya kaboni, kipande cha silikoni au utando wa oili iliyoungua unatosha kuiharibu kazi yote.

Lifta huharibika kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kulegea: gololi haizibi, au kipistoni kimelika, oili inakimbia, nafasi inabaki, na roka inagonga. Hapo unasikia mlio, na valvu inafunguka pungufu. Ya pili ni kukwama ikiwa imenyooka: kipistoni hakirudi chini, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, kompresheni inapungua na misi inaanza, na mara nyingi hakuna mlio wowote. Hii ya pili ndiyo inayochoma valvu za eksozi, maana valvu hutoa joto lake kwenye kiti inapofunga. Gari lako lina mlio na misi kwa pamoja. Inawezekana lifta moja imelegea sana, inawezekana ziko mbili zenye matatizo tofauti, na inawezekana misi ni ya plagi au koili na haihusiani kabisa na mlio. Ndiyo maana kusikiliza kwa bisibisi peke yake hakutoshi.

Hilo la mlio kurudi injini ikiwa ya moto tulitilie maanani. Mlio wa asubuhi wa sekunde chache ni lifta zilizomwaga oili usiku zinajijaza upya, na hautakiwi kukutia hofu. Mlio unaokuja oili ikishakuwa nyepesi kwa joto, ukakaa, mara nyingi una maana mbili: lifta inavuja kuliko kiasi, au oili haifiki juu kwa presha ya kutosha. Ukibadilisha lifta kumbe tatizo ni la pili, lifta mpya nazo zitagonga.

Basi anza hivi. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe dakika tano, vuta dipstiki. Oili ikiwa chini ya alama, pampu inavuta hewa. Ikiwa juu ya alama, krankishafti (shafti kuu ya injini) inaipiga mpaka inatoka povu. Hewa ndani ya lifta inabanwa, na lifta yenye hewa inagonga sawasawa na lifta mbovu. Tazama kama kuna vipovu kwenye dipstiki mara tu baada ya kuzima. Ukiona mlio unakuja hasa baada ya kona ndefu uliyoipita kwa kasi, kama wanavyokata kona madereva wa mbio kwenye barabara za mashamba ya mkonge, fahamu kwamba oili imekimbilia upande mmoja wa sampu (karai la oili chini ya injini) na bomba la kunyonyea limebaki wazi. Hapo dawa ni usawa wa oili na vizuizi ndani ya sampu. Lifta hazina kosa.

Kisha pima presha. Fungua swichi ya oili karibu na nyumba ya filta, ufunge geji ya mkono. Uzi wa magari ya Kijapani pale ni wa BSPT, inchi 1/8, wenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kimarekani zina uzi wa NPT wenye meno 27. Vinafanana kwa macho na vinaanza kuingia vizuri, halafu vinakaza. Ukilazimisha unapasua aluminiamu, na hasara yake ni kubwa kuliko lifta. Pasha injini mpaka oili ifike nyuzi 75 hadi 90 za Selsiasi. Ikiwa sailensa, 4G63 inatakiwa kutoa si chini ya kPa 80, yaani baa 0.8 hivi. Ukipandisha, tegemea angalau baa 2 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, na nzima hupita hapo kwa mbali. Sindano ikilala chini ya baa 0.8 injini ikiwa ya moto, simama hapo hapo. Lifta haina hatia. Tafuta kwenye kichujio cha bomba la kunyonyea, pampu ya oili, valvu ya kupunguzia presha, na beringi za krankishafti na konrodi (mkono wa pistoni).

Kuhusu kichujio tunasisitiza, kwa sababu ya jinsi sampu ya Evo inavyofungwa. Haina gasketi ya karatasi, inafungwa kwa silikoni. Fundi akiipaka kama anapaka siagi kwenye mkate, inayobaki ndani inaning'inia, inakatika, na kwenda kuziba kichujio. Silikoni inayotakiwa ni uzi mmoja wenye unene wa mm 4 hivi, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Kama sampu yako imeshawahi kufunguliwa, uliza ilifungwaje.

Tuseme presha ni nzuri. Sasa hakikisha mlio unatoka upande wa valvu. Kemshafti inazunguka nusu ya kasi ya krankishafti. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800, kila valvu inafunguka mara 400 kwa dakika, karibu mara 7 kwa sekunde. Mlio wa konrodi unaenda na krankishafti, mara mbili ya hapo. Sikio linaweza kudanganya, hivyo tumia taa ya taiming kwenye waya wa plagi namba 1. Ila kwenye Evo yako angalia jambo moja: koili moja inachoma plagi ya 1 na ya 4 kwa pamoja, kwa hiyo taa inawaka kila mzunguko wa krankishafti. Mlio ukija mara moja kwa kila miwako miwili ya taa, ni wa upande wa kemshafti. Ukija na kila mwako, zima injini, usiiwashe tena, shughulika na konrodi na pistoni.

Kipimo kingine ni kuchomoa soketi za nozeli moja moja injini ikiwa sailensa. Chomoa nozeli, usichomoe koili, maana petroli isiyochomwa huenda kuungulia kwenye eksozi na kulitesa tabo. Mlio wa konrodi au pistoni hupungua ukichomoa nozeli ya silinda yake, kwa sababu mlipuko umeondoka. Mlio wa lifta haubadiliki. Na silinda ambayo ukiichomoa injini haishtuki ndiyo yenye misi, iandike.

Kuna vinavyoigiza sauti ya lifta. Gasketi ya manifoldi ya eksozi ikivuja, au manifoldi yenyewe ikipasuka, inatoa tak-tak kali injini ikiwa baridi, halafu inanyamaza chuma kikitanuka. Angalia masizi meusi penye kiungo. Nozeli nazo hulia, lakini mlio wake ni mwepesi, wa haraka na unafanana kwenye silinda zote. Plagi iliyolegea hupuliza. Na kwa 4G63, taishena (kikazaji) ya mkanda wa taiming ikivuja oili yake, mkanda unachapa kava la mbele, na watu wengi wameshafungua kava la tapeti (kifuniko cha juu cha injini) bure kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo pima kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, petroli na moto vimekatwa, akselereta imekanyagwa mpaka mwisho. Tofauti kati ya silinda isizidi baa 1. Silinda yenye misi ikiwa na kompresheni sawa na wenzake, angalia plagi, koili na nozeli yake. Ikiwa chini, weka upepo kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, usikilize unapotokea. Kwenye eksozi, valvu ya eksozi haifungi. Kwenye njia ya hewa, ni ya kuingizia. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Mojawapo ya mbili za mwanzo inaweza kuwa lifta iliyokwama.

Sasa ndipo kava la tapeti lifunguliwe, na lifunguliwe injini ikiwa bado ina joto, dakika chache baada ya kuzima. Zungusha krankishafti kwa spana upande wa saa, mpaka nundu ya valvu unayoipima iangalie juu, mbali na roka. Bonyeza roka kwa nguvu mahali hasa inapoegemea lifta. Lifta nzima ni ngumu kama jiwe. Ikizama kwa urahisi ina hewa au imekufa. Zipime zote 16 na uandike kila moja kwenye karatasi. Usiipime lifta ambayo nundu imeikandamiza muda wote, hiyo lazima itakuwa imezama. Ukiwa hapo pitisha macho kwenye nundu za kemshafti na rola za roka. Rola ikiwa na mikwaruzo, au inatetereka kwenye pini yake, inagonga hata na lifta mpya. Nundu iliyochunika ina maana kemshafti inabadilishwa pamoja na roka yake.

Ukikuta mbovu, kemshafti zitoke, na mkanda wa taiming utoke kwanza. Tunakuomba kwa dhati: kazi hii apewe mtu aliyewahi kufunga mkanda wa 4G63, kwa sababu kwenye injini hii valvu na pistoni hugongana taiming ikikosewa. Weka silinda ya 1 juu, alama zote zikae, ndipo mkanda utolewe. Kofia za kemshafti zina namba na mishale, kila moja irudi kwake. Zilegeze kidogo kidogo kwa zamu. Ukiifungua moja mpaka mwisho wakati nyingine zimekaza, kemshafti inapinda au inakatika. Wakati wa kurudisha ni vivyo hivyo, kwa toki renchi, Nm 20.

Tafuta trei ya mayai, iandike namba 1 hadi 16, upange kila lifta na roka yake zikiwa zimesimama wima. Zilizozoeana zisitenganishwe.

Lifta zilizozama si zote zimekufa. Jaza dizeli safi kwenye chombo, zamisha lifta, ingiza waya mwembamba wa mm 0.5 kwenye tundu la juu, sukuma gololi kwa upole sana, huku ukibonyeza kipistoni juu na chini mara tano hadi kumi mpaka vipovu viishe. Toa waya, bonyeza tena. Ikikaza, ilikuwa na hewa tu na inaweza kurudi kazini. Ikizama tena, tupa. Tunatumia dizeli kwa sababu ni nyepesi: lifta inayoweza kushika dizeli itashika oili.

Je, ununue zote 16? Kama mbovu ni moja au mbili na nyingine zote zimekaza kwenye dizeli, kitaalamu unaweza kubadilisha hizo tu. Sisi tungebadilisha zote, kwa sababu kazi ya kutoa mkanda na kemshafti ni ile ile na hutaki kuirudia baada ya miezi minne. Fedha zikibana, badilisha nane za upande wenye tatizo. Kuna toleo la baadaye la lifta za 4G63 lenye tundu kubwa zaidi la oili, linaingia kwenye hedi yako bila kuchonga kitu, ndilo la kuuliza unapoagiza. Tanga mna bahati, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Mkikosa Gerezani, ulizieni ng'ambo ya Horohoro.

Lifta mpya nazo zijazwe kwa njia hiyo hiyo kabla ya kufungwa. Ukishakaza kemshafti, iache nusu saa nzima kabla ya kuzungusha chochote, ili lifta zilizonyooka zaidi zishuke kwa uzito wa springi za valvu. Halafu funga mkanda, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili. Ukigusa kigumu, acha na utafute sababu, usilazimishe. Iache robo saa, upime kipini cha taishena: kiwe kimetokeza kati ya mm 3.8 na 4.5. Zungusha kwa stata bila petroli na bila moto mpaka geji ya oili ipande, ndipo uwashe.

Itagonga mwanzoni. Ipandishe polepole kutoka sailensa hadi mizunguko 3,000 kwa muda wa nusu dakika hivi, ishushe, iache sailensa nusu dakika nyingine, urudie. Inaweza kuhitaji mara 10, inaweza kuhitaji mara 30. Kwa kweli zoezi hili ungelijaribu hata kabla ya kufungua kitu, ukishajua kwamba usawa wa oili na presha viko sawa. Halina gharama, na hewa iliyonaswa mara nyingi hutoka kwa njia hiyo.

Kuhusu 20W-50, tuwe wakweli: Tanga hakuna baridi ya kuigandisha, na injini iliyochoka inaweza kunyamaza ukiiweka. Inanyamaza kwa sababu oili nzito inavuja polepole kwenye lifta iliyolika. Lakini tundu la oili la lifta hizi za zamani ni dogo, oili nzito inachelewa kulipita asubuhi, na ubovu unaendelea chini ya ule ukimya. Tumia 10W-40 nzuri, uibadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na kama gari linakimbizwa, mapema zaidi. Nunua kopo lenye muhuri mzima kwa muuzaji unayemfahamu.

Swali kutoka Ngamiani, Tanga

Nina Toyota Mark II yenye 1JZ-GTE. Juu inagonga, fundi ameniandikia ninunue lifta za haidroliki 24. Nimezunguka madukani sijapata. Zinapatikana wapi?

Jibu

Hazipatikani kwa sababu injini yako haina lifta hizo. 1JZ-GTE ina vikombe vya chuma vigumu na shimu (visahani vya kurekebishia nafasi), na nafasi yake inapimwa na kurekebishwa kwa mkono. Valvu ni 24 kweli, hapo fundi hakukosea.

Pima injini ikiwa baridi kabisa, kwa fila geji, nundu ikiangalia mbali na kikombe. Za kuingizia ziwe kati ya mm 0.15 na 0.25. Za eksozi ziwe kati ya mm 0.25 na 0.35. Iliyozidi ndiyo inayogonga. Iliyopungua hainung'uniki, lakini ndiyo itakayoungua, kwa hiyo usifurahie ukimya.

Hesabu ya shimu ni rahisi. Chukua unene wa shimu iliyopo, ongeza nafasi uliyoipima, toa nafasi unayoitaka. Mfano, valvu ya eksozi imesoma mm 0.43, shimu iliyopo ni mm 2.55, na unataka mm 0.30. Unapata mm 2.68. Shimu huuzwa kwa hatua za mm 0.05, kwa hiyo weka ya 2.70, na nafasi itakuwa mm 0.28, ambayo iko ndani ya kipimo. Pima unene kwa maikromita, usiamini namba iliyochapwa juu ya shimu iliyotumika. Na upande wenye namba ukae chini, usiguswe na nundu.

Swali kutoka Raskazone, Tanga

Stagea yangu ya RB25DET imebadilishwa lifta zote mwezi huu. Chini iko kimya na nzuri, lakini nikifika mizunguko 6,500 inakufa nguvu na kutetemeka. Nikiachia, baada ya sekunde kadhaa inarudi kawaida. Je, nimeuziwa lifta feki?

Jibu

Yawezekana, lakini dalili ulizotaja zinatupeleka kwenye springi za valvu. Kwa kasi hiyo springi iliyochoka haiwezi kuirudisha valvu kwa wakati, valvu inaelea, na kwa kitambo kifupi nafasi inatokea kati ya nundu na kikombe. Lifta ya haidroliki haijui kama nafasi hiyo ni ya bahati mbaya. Kazi yake ni kujaza nafasi, kwa hiyo inajaza. Nundu ikipita, lifta iko ndefu kuliko inavyotakiwa, valvu haifungi, kompresheni inapotea. Ukiachia mafuta, oili ya ziada inavuja polepole na nguvu inarudi. Lifta mpya, kwa kuwa zina afya, hujaa haraka kuliko zile za zamani, ndiyo maana umeliona tatizo baada ya kuzibadilisha.

Kabla ya kufungua, ondoa kwanza wasiwasi wa moto: kwenye injini za tabo, mwanya mkubwa wa plagi na koili dhaifu hukata nguvu kwa namna inayokaribia hiyo. Punguza mwanya hadi mm 0.8, ujaribu. Ikibaki vile vile, toa springi, zipimwe urefu na nguvu, ukilinganisha na kipimo cha kitabu. Kama tabo limeongezwa presha kuliko la kiwandani, springi za kuingizia zina mzigo zaidi, kwa sababu presha hiyo inaisukuma valvu kutoka nyuma. Mpaka hapo usipite mizunguko 6,000. Valvu inayoelea iko karibu kukutana na pistoni.

Swali kutoka Muheza

Evo III inagonga kila asubuhi kwa sekunde tatu, kisha kimya siku nzima. Nifanye nini?

Jibu

Badilisha filta. Filta nzuri ina kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Za bei ya kutupwa hazina, au zina mpira uliokauka. Ikizidi sekunde kumi hata na filta nzuri, pima presha kama tulivyoeleza juu.

Swali kutoka Korogwe

Fundi anataka kuweka lita moja ya mafuta ya taa ndani ya oili, injini iungurume dakika 20, ili lifta zisafike. Nikubali?

Jibu

Usikubali. Mafuta ya taa yanaipunguzia oili uwezo wa kubeba mzigo, na beringi za konrodi na za tabo ndizo za kwanza kuumia. Zaidi ya hapo, uchafu unabanduka kwa mabonge badala ya kuyeyuka, na mabonge huenda moja kwa moja kwenye kichujio cha sampu. Injini nyingi hunoki siku chache baada ya kusafishwa hivyo, na mwenye gari hahusishi mambo mawili hayo.

Safisha kwa oili yenyewe. Weka oili mpya ya kiwango sahihi na filta mpya, tembea kilomita 500 kwa upole, ukihakikisha injini inapata moto kamili kila safari. Mwaga yote ikiwa ya moto, badilisha na filta, kisha tembea kilomita 1,000 na umwage tena. Sabuni iliyomo ndani ya oili nzuri hulainisha utando polepole na kuubeba. Kama filta ya kwanza ukiikata kwa msumeno unakuta vipande vyeusi vigumu au chembe zinazong'aa, shusha sampu uoshe kichujio kabla ya kuendelea. Chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma cha kemshafti, roka au ringi. Zisizonata na zenye rangi ya shaba au fedha mara nyingi ni za beringi, na gari hilo lisitembezwe tena mpaka beringi zifunguliwe.